Faini ya Kuchelewa

Alhamisi ya kwanza na ya tatu, saa kumi na moja jioni,
tunakutana hapa Luanda, nyuma ya duka la Asiligwa,
kati ya marobota ya madaftari na harufu ya wino:
wanachama kumi na wanane, viti kumi na sita.
Mwenyekiti hugonga kengele ya baiskeli
(baiskeli yenyewe iliibwa, kengele ikabaki)
nasi tunasimama, tunakula kiapo chetu kifupi:
kuhudumu, na kutojitangaza.
Hilo la pili linatushinda.
Picha zetu na lile tangi la maji
zimejaza ukuta mzima.

Mimi ndimi mweka hazina.
Nina daftari la mistari myekundu
na kopo la mafuta ya kupikia, kifuniko kimetobolewa kwa kisu cha mkate.
Humo huingia faini. Simu ikilia, hamsini.
Kusinzia, thelathini. Kuchelewa, mia.
Mia si mchezo; watu huja mbio,
Etemesi aliwahi kufika na kiatu kimoja.

Ila Okwemba, fundi wa cherehani.
Huyo kuchelewa kwake hakuchelewi.
Dakika tano, sita, mlango unalia,
anainamisha kichwa, anatoa mia iliyokunjwa mara nne,
nasi tunamcheka: "Fundi, saa yako hutembea kwa magongo?"
Anacheka naye. Hana neno.
Kwenye orodha ya wafadhili jina lake halisomwi.
Siku ya harambee yuko nyuma, ameshika kamba ya turubai.

Mwaka huu tunatafuta kitanda cha kujifungulia;
kile cha zahanati, mguu mmoja ni tofali.
Tumeuza mandazi, tumeosha magari ya watu,
na Jumamosi tukamnadi jogoo.
Jogoo wa harambee hanunuliwi ili aliwe.
Anjichi alimnunua kwa elfu mbili, akamrudisha.
Mama Khayesi akamnunua, akamrudisha.
Mara saba, hadi kiumbe cha Mungu kikachoka kubebwa,
kikafumba macho kwapani mwa mnadi
kama karani anayesomewa hesabu asiyoiamini.
Tulipata elfu thelathini na moja
na noti moja ya bandia.

Basi Alhamisi iliyofuata nilitangulia.
Nilikuwa dirishani nikipanga sarafu kumikumi,
nikamwona Okwemba ng'ambo ya barabara,
saa kumi na moja kasorobo,
amesimama chini ya mabati ya kinyozi.
Hazungumzi na mtu. Anatazama saa yake.
Mvua ikaanza, hii ya kwetu isiyobisha hodi.
Kengele ikalia. Hakutikisika.
Sisi tukiapa, yeye alitoa noti,
akaikunja mara moja,
mara mbili,
akatazama saa tena,
akavuka.

Usiku nilifungua daftari, nikarudi nyuma miaka mitatu.
Okwemba, mia. Okwemba, mia.
Hata wiki ile aliyomzika dada yake: Okwemba, mia.
Elfu saba na mia mbili, na hakuna aliyempigia makofi.

Sikumwambia mtu.
Ila Anjichi aliposimama kutoa hoja
kwamba faini zifutwe, sisi ni watu wazima,
na mikono ikaanza kupanda,
nilisema mimi naona ziongezwe.
Walinitazama kama niliyekula rambirambi.
Fundi alikuwa akikagua viatu vyake, vilivyolowa.
Hoja ikaahirishwa.

Saa ya ukutani huwa naijaza ufunguo mimi.
Nimeisogeza mbele dakika nane,
kengele ilie mapema, mtu asinyeshewe sana
akingoja kuchelewa.
Sasa wote wanachelewa.
Etemesi analalamika, anataka saa ipelekwe kwa fundi.
Kopo limekuwa zito, nalibeba kwa mikono miwili.